Vichezeo vya Udongo na Orindi

Watu wengi hudhani kuwa kichezeo ni kitu kinunuliwacho dukani, kikafungwa katika karatasi ya rangi na kupewa mtoto siku ya furaha. Mimi sikulelewa katika dhana hiyo. Kijiji chetu kipo katika nyanda za chini za Migori, karibu na mahali ambapo Mto Kuja humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Wakati wa utoto wangu duka la karibu liliuza chumvi, sabuni, viberiti na mafuta ya taa, wala halikuuza kingine. Aliyetaka kucheza alitazama chini ya miguu yake. Huko ndiko kilikokuwa kiwanda chetu, na huko ndiko ilikokuwa ghala yetu.

Mto Kuja una tabia mbaya. Mvua kubwa zinyeshapo katika vilima vya Kisii, maji hushuka kwa kishindo, yakavunja kingo na kuingia mashambani na hata majumbani mwa watu. Wazee walihesabu hasara. Sisi watoto, kwa ujinga wa umri wetu, tulihesabu faida, kwa kuwa maji yalipopungua yaliacha nyuma yake tope laini kama unga uliochekechwa. Tope hilo ndilo lililokuwa ng'ombe wetu.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi wa vyungu, naye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu, ingawa hakujua kuwa anafundisha. Tulimwibia elimu yake kwa macho. Tulimwona akitoa changarawe katika udongo moja baada ya moja. Tulimwona akikanda mpaka udongo ukaacha kushika kiganja, na akitia vumbi la vigae vilivyotwangwa ili chungu kisipasuke kikaukapo. Basi nasi tulifanya vivyo hivyo. Ng'ombe huanzwa kwa kiwiliwili, kinene mfano wa kiazi kitamu. Miguu minne huvutwa kutoka katika kiwiliwili hicho hicho, haibandikwi, maana mguu wa kubandikwa hudondoka kabla ng'ombe hajafika malishoni. Nundu huinuliwa kwa kidole gumba. Pembe huja mwisho, nazo zataka subira kuliko vyote. Kisha ng'ombe huwekwa kivulini siku mbili au tatu. Mwenye haraka aliyemwanika juani alipata ng'ombe mwenye nyufa, akachekwa na kijiji kizima. Usiku tuliwazika katika majivu ya moto jikoni, na asubuhi tuliwafukua wakiwa wagumu, weusi upande mmoja na wekundu upande wa pili, kama ng'ombe wa kweli wenye mabaka.

Walihitaji boma. Hapa tulikuwa na mfano mkubwa mbele yetu, maana katika kaunti hiyo hiyo ya Migori zipo kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe matupu, jiwe juu ya jiwe, bila ya chokaa wala udongo wa kushikiza, nazo zimesimama kwa karne kadhaa. Mwaka 2018 zilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Sisi hatukujua habari ya orodha. Tulijua tu kuwa jiwe bapa hukaa vizuri juu ya mawili kuliko juu ya moja, na kwamba mlango wa boma hauna budi kuwa mwembamba ili fisi asipite. Fisi wetu alikuwa kipande cha gunzi.

Walakini ng'ombe hawakuwa mali ya kila mtoto, na ladha za watoto hutofautiana. Binamu zangu waliokaa upande wa Awendo, penye kiwanda cha sukari cha Sony, hawakushughulika na mifugo hata kidogo. Wao walitengeneza trekta za waya, zenye matela nyuma, kwa kuwa kila siku waliona trekta zikivuta mizigo ya miwa barabarani. Waya ulikunjwa kwa mawe. Magurudumu yalikatwa kutoka katika kandambili zilizochakaa, na usukani uliwekwa juu ya kijiti kirefu kilichofika kifuani, ili dereva akimbie wima. Trekta hizo zilipakiwa majani ya matete badala ya miwa, na miwa yenyewe, nasikitika kusema, ilivutwa kwa siri kutoka katika matela ya kweli yalipopunguza mwendo kwenye kilima.

Wasichana, na wavulana pia wasipokuwapo wa kuwacheka, walicheza kalongolongo, yaani mchezo wa kuweka nyumba. Vizibo vya soda vilikuwa sufuria, mchanga ulikuwa ugali, mbegu za nyasi zilizotandazwa juu ya jani la mgomba zilikuwa omena wakianikwa ufukweni. Hindi changa lenye nywele ndefu lilikuwa mtoto mchanga; lilisukwa nywele, likafungwa mgongoni kwa kitambaa, likabembelezwa mpaka likalala. Mpira wa miguu ulikuwa matambara yaliyofungwa kwa nyuzi za mgomba. Baadaye mifuko ya plastiki ilishika nafasi ya matambara, maana ilifanya mpira mwepesi unaodunda kidogo. Serikali ilipopiga marufuku mifuko hiyo mwezi wa Agosti mwaka 2017, wengi tulishukuru kwa ajili ya mifugo na mifereji, lakini niliwaona wavulana wa jirani wakizunguka kama mafundi walioishiwa mbao. Baada ya juma moja walikuwa wamerudia matambara.

Nimeeleza mambo haya kwa urefu kwa sababu, msomaji kijana, nataka ulione jambo moja ambalo mimi nililiona kwa kuchelewa. Katika vitu vyote hivyo hapakuwa na kimoja kilichofanana sawasawa na kile kilichoitwa kwa jina lake. Gunzi halifanani na fisi. Hindi halina macho. Mtazamaji mpita njia angesema kuwa watoto hawa wana takataka. Mwanasaikolojia wa Kisovieti, Lev Vygotsky, alilizungumza jambo hili katika mhadhara wake wa mwaka 1933. Alisema kuwa kijiti huweza kuwa farasi kwa mtoto kwa sababu mtoto aweza kukipanda na kukimbia nacho. Kadi ya posta haiwezi kuwa farasi, hata ikiwa na picha nzuri ya farasi, kwa sababu haipandiki. Sura si kitu. Kinachotakiwa ni kitu kikubali kutendewa kama kile kisichokuwapo.

Niliyasoma maneno hayo chuoni nilipokuwa nikisomea ualimu, nikayaandika katika daftari, nikajibu swali la mtihani kwayo, nikapata alama nzuri. Kisha nikayasahau kabisa.

Mwaka 2019 mtaala mpya wa umilisi ulianza kutumika nchini Kenya kote katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Ulitaka watoto wafanye kazi kwa mikono yao, na wazazi washirikiane nao nyumbani. Kusudi lilikuwa jema, nami nililisifu mbele ya wazazi wengine. Jioni moja binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka saba, alirudi na kazi ya kufinyanga mnyama. Akaketi barazani, akafinyanga ng'ombe mnene asiye na mkia, mwenye pembe moja ndefu na moja fupi. Nilimtazama ng'ombe yule, nikamwonea aibu. Mtoto alipokwenda kulala nilichukua udongo uliobaki, nikakumbuka ufundi wangu wa kale, nikafinyanga fahali. Alikuwa na nundu, mkia uliojikunja pajani, kwato zilizogawanyika, na hata mikunjo ya ngozi ya shingo. Nilikesha mpaka saa sita ya usiku. Asubuhi binti yangu alimbeba fahali wangu kwenda shule, akasifiwa, na fahali akawekwa dirishani ili wote wamwone.

Ng'ombe asiye na mkia nilimkuta siku ya pili nyuma ya nyumba, amekanyagwa. Sikumwuliza aliyemkanyaga. Tangu siku hiyo, kila kazi ya mikono ilipoletwa nyumbani, binti yangu aliiweka mezani mbele yangu na kusema, "Baba, kazi yako hii." Hakusema kwa dhihaka. Aliamini hivyo. Nasikia nyumba nyingi zilikuwa na wazazi kama mimi mwaka huo, waliokesha wakishona na kuchonga kwa ajili ya alama za watoto wao, wakilalamika asubuhi kuwa mtaala huu unawachosha. Mimi nami nililalamika. Sikuona kuwa mchovu na mchoshaji walikuwa mtu mmoja.

Mwishoni mwa mwaka ule ule msiba uliingia katika ukoo wetu. Dada yangu aliolewa upande wa Mbita, katika kaunti ya Homa Bay, na mumewe alikuwa mvuvi. Usiku mmoja yeye na wenziwe wawili walitoka kuvua omena, kwa taa, kama ilivyo desturi, na dhoruba ikawakuta mbali na nchi kavu. Mashua ilipatikana. Wawili walipatikana wakiwa hai, wameshikilia ubavu wake. Shemeji yangu hakupatikana. Watu walimtafuta siku nyingi, tangu ufuko mmoja hata mwingine, mpaka tumaini likaisha.

Kwa mila ya Wajaluo, mtu aliyekufa na maiti yake isionekane haachwi bila ya kaburi. Huchukuliwa tunda la mwegea, ambalo sisi huliita yago, tunda refu na zito mfano wa gogo dogo, likazikwa mahali pake kwa heshima zote zimpasazo mtu. Ndivyo tulivyofanya. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliolibeba. Lilivishwa nguo, lililiwa usiku kucha, likateremshwa kaburini. Mpwa wangu, mwana wa marehemu, alikuwa amesimama karibu na mama yake akitazama. Alikuwa rika moja na binti yangu. Hakulia.

Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Nilirudi kijijini kwa mama yangu pamoja na binti yangu, na dada yangu akamleta mwanawe akae nasi. Mtoto alikula aliposhurutishwa, alijibu alipoulizwa, na zaidi ya hayo hakusema. Aliniita Nera, yaani mjomba, kwa adabu nyingi mno kwa mtoto wa umri ule.

Baada ya juma moja nilimwona ufukweni na kisu cha mama. Alikuwa akichonga kipande cha orindi, ule mti mwepesi uotao pembezoni mwa ziwa, ambao wavuvi wengine huutumia kuelezea nyavu. Orindi ni laini. Mtoto aweza kuuchonga bila ya msaada. Alitoboa katikati kwa msumari uliotiwa moto, akasimika kijiti kiwe mlingoti, akafunga karatasi ya pakiti ya unga iwe tanga. Ubavuni aliandika kwa makaa jina la mashua ya baba yake. Kisha akafinyanga watu watatu wa udongo, wadogo kama vidole, akawaketisha ndani.

Alisukuma mashua alfajiri, wakati upepo wa usiku utokao nchi kavu ulikuwa bado unavuma kuelekea ziwani. Mashua ilikwenda vizuri mpaka ikafika penye mawimbi, ikapinduka. Alasiri, upepo wa ziwani ulipogeuka na kuvuma kuelekea nchi kavu, aliikuta kando ya maji, tupu. Siku ya pili alifanya vivyo hivyo, na siku ya tatu, na ya nne. Kila siku alifinyanga watu watatu wapya. Nilimwuliza kwa nini hawachomi katika majivu ili wawe wagumu, kama Dana, bibi yake, alivyomwonyesha. Akasema, "Wakichomwa, Nera, hawafinyangiki tena."

Nilishindwa kuvumilia. Majirani walinong'ona kuwa mtoto anauita msiba urudi. Mimi sikuamini uchuro, lakini niliamini kuwa nafsi ya mtoto inaumia, na tena maji yale yana kichocho. Basi nilifanya lile ambalo watu wazima hufanya. Niliichukua mashua ya orindi, nikaificha juu ya dari ya ghala ya mahindi. Nikaenda mjini Migori, nikanunua motokaa ya plastiki, nyekundu, yenye betri, inayowaka taa na kupiga honi yenyewe. Mtoto aliipokea kwa mikono miwili. "Asante, Nera," alisema. Akaiweka ukutani, chini ya picha ya kalenda, na kila asubuhi aliifuta vumbi. Hakuicheza hata mara moja. Ufukweni hakwenda tena, na maneno machache aliyokuwa akisema yakapungua yakawa machache zaidi.

Mama yangu aliniita siku moja nilipokuwa nikichambua maharagwe karibu na tanuri lake la vyungu.

"Mwanangu," alisema, "ile mashua umeipeleka wapi?"

Nikamwambia, na sababu nikamwambia.

"Tulipokosa maiti," alisema, "tulifanya nini?"

Nikasema tulizika yago.

"Wewe ni mwalimu. Yago ni shemeji yako?"

Nilinyamaza.

"Nawe ulilibeba," alisema. "Nilikuona ukilia. Watu wazima wote wa ukoo walililia tunda la mti, wala hakuna aliyetucheka, kwa sababu tulihitaji kitu cha kushika. Sasa huyu mtoto amejifanyia chake kwa mkono wake mwenyewe, nawe umempa motokaa."

Aliendelea kulainisha chungu chake. Mimi niliendelea kushika maharagwe bila ya kuyachambua. Nilimkumbuka ng'ombe asiye na mkia, na kadi ya posta yenye picha nzuri ya farasi. Na ile motokaa nyekundu ikinguruma yenyewe bila ya kuhitaji mdomo wa mtoto kuingurumia. Nilikuwa nimempa mtoto kitu kilichokwisha kujaa, kisichokuwa na nafasi ya mtu mwingine kuingia ndani.

Sitaki msomaji adhani kuwa nachukia vitu vya madukani. Nimeona mtoto akiigeuza chupa ya plastiki kuwa ndege, na nimeona mwanasesere wa bei kubwa akipendwa mpaka nguo zikamwisha. Nchi nyingi za dunia, Kenya ikiwamo tangu mwaka 1990, zimekubali kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa kuwa kucheza ni haki ya mtoto, na mkataba huo hausemi ni kwa kitu gani. Lakini mkataba hauwezi kumzuia mzazi mwenye huruma kuingilia mahali asipoitwa.

Jioni ile nilipanda ghalani, nikaiteremsha mashua, nikaiweka mlangoni mwa chumba cha watoto bila ya kusema neno. Asubuhi haikuwapo. Nilikwenda ufukweni nikawakuta wawili, mpwa wangu na binti yangu, wamechutama juu ya jiwe bapa, mbali na maji kidogo kama Dana alivyowaamuru. Binti yangu alikuwa akishona tanga jipya kwa mshipi wa nyavu, vibaya sana. Mkono wangu ulitaka kumsaidia, niliuficha mgongoni.

"Nera," mtoto alisema, "una kamba?"

Nilikuwa nayo, kipande kirefu cha uzi wa nailoni nilichokuwa nikifungia kuni. Aliipima kwa mikono yake, akafunga ncha moja katika tezi ya mashua, akavuta mara mbili kuijaribu. Watu watatu wa udongo walikuwa tayari wamekaa ndani. Kisha akatoa wa nne, ambaye bado alikuwa mbichi na hakuwa na miguu ya maana, akamsimamisha juu ya jiwe, uso wake ukielekea ziwani.

Nilimwuliza huyo ni nani.

"Ni wewe," alisema. "Hujui kuogelea. Wewe utakaa nchi kavu ushike kamba."

Akanipa ncha nyingine, akainama kuisukuma mashua kwa kijiti kirefu.